Jina Hili Lilitoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Majina ya Nyanza, Magharibi na Nakuru

Nina saiba ndogo hapa Nakuru. Watu huja kujaziwa fomu za cheti cha kuzaliwa, za kitambulisho, za pasipoti, na haipiti siku bila mtu kukwama kwenye mstari wa jina. "Liandike tu," ataniambia, "hata mimi sijui maana yake." Nami naitwa Nyaseme, jina ambalo shuleni kwetu hakuna aliyewahi kulisikia, kwa hiyo maswali hayo yananigusa. Haya ndiyo ninayoulizwa sana, na majibu ni yale ninayoyatoa siku ambayo foleni ni fupi.

Nataka kujua maana ya jina langu. Nianzie wapi?

Anza na mtu, neno litafuata. Wengi huuliza "hili jina maana yake nini?" na mzee, kwa kutaka kukufurahisha, atakwambia ni mshindi au mwenye bahati. Muulize hivi: niliitwa kwa ajili ya nani? Huyo naye aliitwa kwa ajili ya nani? Nani alilitamka kwanza, na siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini? Maswali hayo matatu yamenisaidia kuliko kamusi yoyote.

Wa kuulizwa kwanza ni bibi: dani kwa Waluo, kukhu kwa Waluhya, kogo kwa Wakalenjin, magokoro kwa Wakisii, shosho kwa Wakikuyu. Wanaume watakupangia ukoo hadi babu wa saba, lakini waliokuwa chumbani mtoto akizaliwa ni wanawake. Tena usimalize mambo kwa simu. Nenda na sukari na majani ya chai, keti naye mchambue managu, muache aanze na habari za mifupa inavyomuuma. Jibu huja mboga zikiwa karibu kwisha.

Nimelitafuta kwenye intaneti na halipo. Wazazi wangu walilibuni?

Kutokuwepo huko hakuthibitishi lolote. Orodha nyingi za majina zimenakiliana, na utaona zimeandika "jina la Kiafrika" kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja chenye lugha moja. Programu za kujibu maswali nazo hazipendi kukaa kimya. Moja iliniambia Nyaseme ni "binti wa nyota". Nilitembea na nyota yangu siku mbili kabla shangazi hajanicheka.

Basi Nyaseme ni nini?

Nilizaliwa Nakuru kwenye nyumba za reli, baba akiwa fundi aliyetoka Nyakach. Shuleni wenzangu walisikia "seme" wakafikiri ni "sema", kwa hiyo kila mwalimu akiuliza swali walinigeukia: "Nyaseme, sema!" Nilikua nikiamini jina langu linahusu kusema.

Halihusu. Kwa Kijaluo nyar ni binti wa, na Seme ni sehemu iliyo magharibi ya Kisumu, ukifuata barabara ya Bondo kupitia Kombewa. Nyaseme ni binti wa Seme. Ndivyo wanawake wa Kiluo wanavyoitwa wakishaolewa mbali: Nyalego katoka Alego, Nyasembo katoka Asembo, Nyauyoma katoka Uyoma. Dani yangu aliolewa Nyakach, na huko hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa kwa kwao. Mimi nikapewa jina ambalo kwa kweli ni anwani.

Hapo wengi wangeishia. Mimi nikamuuliza shangazi: kule Seme kwenyewe alikuwa akiitwa nani? Shangazi akanyamaza, kisha akakiri kwamba hajui. Mama yake mzazi! Basi nikapanda matatu. Huko Seme niliwapata watu wa kwao, na mzee mmoja, binamu yake dani, akasema mara moja: "Awiti." Linatokana na wito, kutupa. Kabla yake mama yake alikuwa amezika watoto wawili, na huyu wa tatu alipozaliwa walimtoa wakamlaza njiani, kisha jirani akapita, "akamwokota", akamrudisha nyumbani kama mtoto aliyetupwa na wenyewe. Mzee alinionyesha mahali penyewe. Ile njia imezibwa na ua wa minyaa siku hizi, na kulikuwa na mbuzi amefungwa hapo.

Mdogo wangu alipojifungua msichana mwaka uliofuata, tulimwita Awiti. Mkwe wetu alisita kidogo, na swali lake lipo hapa chini.

Herufi za mwanzo za jina zinaweza kuniambia nini?

Mengi, mradi ujue uko kwenye lugha gani.

Kwa Waluo, O ni ya mvulana na A ya msichana, na kinachofuata ni saa au hali ya kuzaliwa. Omondi na Amondi ni wa alfajiri, Okinyi na Akinyi wa asubuhi, Onyango na Anyango wa jua lililokwisha kupanda, Ochieng' na Achieng' wa mchana likiwaka, Odhiambo na Adhiambo wa jioni, Otieno na Atieno wa usiku, Oduor na Aduor wa usiku wa manane. Mvua ikinyesha ni Okoth au Akoth. Wa njiani ni Oyoo, wa palizi Odoyo, wa mavuno Okeyo. Pacha wa kwanza ni Opiyo, aliyefanya haraka. Wa pili ni Odongo, aliyebaki nyuma. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Okello. Aliyezungukwa na kitovu ni Owino au Awino.

Wabukusu hutumia Wa kwa mvulana na Na kwa msichana. Wafula na Nafula walizaliwa kwenye mvua, Wekesa na Nekesa kwenye mavuno, Wanyonyi na Nanyonyi kwenye palizi, Wangila na Nangila safarini, Wamalwa na Namalwa siku pombe ilipokuwa imepikwa. Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi. Khisa hufuata mapacha, kama Okello.

Wakalenjin wana Kip kwa mvulana na Chep au Che kwa msichana: Kibet na Chebet wa mchana, Kipkemboi na Chepkemboi wa usiku, Kiprop na Cherop wa mvua, Kiptoo na Cheptoo wa siku ya wageni, Kipruto na Cheruto wa safari. Hapa kuna jambo linalowatatiza watu wa saiba. Mwanamume akishatahiriwa huitwa arap, mwana wa, kisha jina la baba bila Kip: mwana wa Kiprono ni arap Rono. Kwa hiyo ukiona ukoo unaitwa Koech, Korir, Too, Chumba au Langat, rudisha Kip mbele yake na utampata mzee mmoja aliyezaliwa saa au hali fulani.

Sasa mitego. Nakuru ni mji wa kila kabila, na mwalimu mgeni hukosea hivi: anaona Wanjala na Wanjiru kwenye daftari, anadhani wote ni wasichana au wote ni wavulana. Wa ya Kibukusu ni ya mvulana. Wa ya Kikuyu kwenye Wanjiru, Wambui na Wangari ni ya msichana. Nya nayo ni kizaazaa. Yangu ni ya Kijaluo na ina maana ya binti wa. Nyambura ni Mkikuyu, jina lenye mvua ndani yake. Nyanchera ni Mkisii, na ndani yake imo njia. Nyaseme, Nyambura na Nyanchera wakikaa benchi moja, hakuna hata wawili walio ndugu.

Na usihukumu jinsia ya Mluo kwa A peke yake. Peter Anyang' Nyong'o, gavana wa Kisumu, si mwanamke.

Jina langu linafanana na neno la Kiswahili. Je, ndiyo maana yake?

Wakati mwingine ndiyo, wakati mwingine utajiaibisha. Kipchumba hana uhusiano wowote na chumba cha kulala. Chumba kwa Kikalenjin ni habari ya wazungu, na Kipchumba wengi walizaliwa wazungu walipokuwa karibu, mara nyingi hospitali ya misheni. Auma haumi mtu. Alizaliwa kifudifudi, kwa neno la Kijaluo la kufunika.

Kwa upande mwingine, Wanjala ana njaa ya kweli. Kibukusu na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na neno lilikuwa moja: wao wamehifadhi ile l ya njala, sisi tumeidondosha tukabaki na njaa. Barasa naye ni baraza letu lenyewe. Machifu wa enzi ya ukoloni walipokuwa wakiita watu mkutanoni, aliyezaliwa siku hiyo akawa Barasa.

Kanuni ninayotumia mimi: jina likiwa la Kiluhya, Kisii au Kikuyu, kufanana na Kiswahili kunaweza kuwa undugu. Likiwa la Kijaluo au Kikalenjin, lugha zisizo za Kibantu, kufanana ni sadfa, isipokuwa kama neno lilikopwa.

Naitwa Otieno lakini mama anasema nilizaliwa saa sita mchana. Nani amekosea?

Hakuna. Aliyezaliwa usiku ni yule uliyepewa jina lake.

Hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Jina lina mlango wa kwanza na mlango wa pili. Mtu wa kwanza kuitwa Otieno kwenye ukoo wenu alizaliwa usiku, hilo ni tukio. Baadaye alikufa, na mjukuu akapewa jina lake, hiyo ni kumbukumbu. Waluo huzungumzia juogi: marehemu humjia mtu ndotoni na kulidai jina, au mtoto analia usiku kucha, anatajiwa majina ya waliotangulia mmoja mmoja, na likitajwa lile lake ananyamaza. Kwa Wanandi na Wakipsigis wanawake huita majina ya mababu, na mtoto akipiga chafya, jina lililokuwa mdomoni wakati huo ndilo lake. Ukiwa na jina la namna hiyo, kutafuta maana ya neno kutakupa habari za mtu aliyeishi miaka mia iliyopita.

Wengi pia hawampi mtoto jina la aliyekufa vibaya, kama aliyejitia kitanzi. Kwa hiyo jina kukatika ghafla kwenye ukoo nako kuna habari yake, ingawa hiyo huulizwa taratibu.

Sisi ni Wakikuyu wa Nakuru. Je, hayo yanatuhusu?

Kwenu mlango wa pili ndio mkubwa. Mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama. Msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Baada ya hapo ni ndugu za wazazi. Nyambura wa leo anaweza kuwa alizaliwa Januari na vumbi la Nakuru limejaa puani. (Jina Nakuru lenyewe ni la Kimaasai, na ni la vumbi hilohilo.)

Uzuri wake ni kwamba mpangilio huo ni ramani. Ukijua majina ya wavulana wawili wa kwanza na wasichana wawili wa kwanza wa mtu, umejua wazazi wake na wakwe zake bila kuuliza mtu. Jina geni kwenye mstari huo ndilo la kufuatilia. Kariuki kwa mwanamume na Njoki kwa mwanamke yana habari ya kurudi, ya aliyefufuka. Nyokabi anaelekeza kwa Wamaasai, na ukiwa na Nyokabi kwenu kuna uwezekano mtu wa zamani alitoka upande huo au alikuwa na mambo yake huko. Maina na Mwangi yalikuwa majina ya marika kabla hayajawa ya watu.

Niligundua jina langu lina maana mbaya. Nilibadilishe?

Hili ndilo swali la mkwe wetu. "Mtamwitaje mtoto Aliyetupwa?"

Majina ya aina hii yapo kila upande na hayana chuki ndani yake. Mama aliyefiwa mara mbili, mara tatu, aliona kifo kinawajua watoto wake kwa kuwa wanapendwa. Akaamua kukidanganya. Owiti na Awiti walitupwa njiani wakaokotwa. Kwa Wabukusu, Makokha ni jina la jalala la majivu. Mtoto alipelekwa pale, akachukuliwa na mwanamke mwingine kama takataka isiyo na mwenyewe. Kifo kikija kinakuta nyumba hii haina mtoto wa kuchukuliwa, ina kitu kilichookotwa tu.

Kwa hiyo Makokha ni mtoto aliyetamaniwa kuliko wote nyumbani. Ukikuta Makokha kwenye ukoo wako, hesabu makaburi madogo kabla yake. Mimi huona jina hilo lina mapenzi mengi kuliko Precious na Blessing zote ninazopiga chapa kwa wiki.

Wanjala, Okech na wengine wa njaa hawakulaaniwa. Walizaliwa mwaka mgumu wakaishi. Ochola na Achola walizaliwa baba amekwisha kufa, mama akiwa kwenye matanga. Hilo nitalirudia mwishoni.

Mkwe wetu alielewa. Siku hizi yeye ndiye anayewaeleza wageni, na kila mara kisa kinakuwa kirefu zaidi.

Jina linaweza kuniambia mwaka ambao babu alizaliwa?

Hapa ndipo majina yanaposhinda karatasi, kwa sababu wazee wengi kwenye vitambulisho vyao wameandikiwa mwaka wa kukisiwa. Obonyo na Abonyo kwa Waluo, Wasike na Nasike kwa Wabukusu, ni watoto wa nzige. Nzige walivamia mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa hiyo babu Wasike aliye wa kwanza kuitwa hivyo kwao, na anayekumbuka vita vya pili vya dunia akiwa kijana, tayari umemkaribia. Nzige walirudi Kenya mwishoni mwa 2019 na 2020.

Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence kwa jina la Florence, mke wa mhandisi Ronald Preston. Jina hilo la kigeni halikudumu, Kisumu likarudi. Nalitaja kwa sababu miji nayo hubatizwa majina ya ajabu na kuyavua.

Majina ya wakubwa wa dunia pia yana tarehe. Magharibi ya Kenya imejaa akina Kennedy. Hii si bahati tu. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulilipia ndege za kuwapeleka wanafunzi wetu vyuo vya Marekani, kwenye mpango aliousimamia Tom Mboya. Ukikuta akina Barack na akina Michelle wa umri mmoja darasani Kisumu, walizaliwa karibu na Novemba 2008. Na Barack lenyewe ni baraka yetu, kwa njia ya Kiarabu: Hussein Onyango Obama, babu yake rais Barack Obama, alikuwa Mwislamu.

Kisha kuna Lupita Nyong'o. Alizaliwa mji wa Mexico mwaka 1983, baba yake akifundisha huko, wakampa jina la pale: Lupita ni kifupi cha Guadalupe. Watu huona kama jina la Kizungu lililokosea njia. Mimi naona ni la Kiluo kabisa. Walitazama mtoto amezaliwa wapi wakamwita hivyo, kama Oyoo alivyoitwa kwa njia. Jina lake lingine ni Amondi.

Nyanya yangu aliitwa Dorsila. Hilo ni la kabila gani?

La Biblia, ile sehemu isiyosomwa. Waquaker walifika Kaimosi mwaka 1902, misheni ya Maseno ikaanza 1906, na waliobatizwa walichagua majina kwa kusikia. Ndipo tukapata mabibi ambao majina yao hayapo tena hata kwa wazungu wenyewe. Dorsila ni Drusila, mke wa liwali Feliki katika Matendo ya Mitume sura ya 24. Dorkasi yumo sura ya 9. Kesia ni binti wa Ayubu.

Ninayempenda ni Rispa, 2 Samweli 21. Wanawe waliuawa na miili yao ikaachwa juani, naye akatandika gunia juu ya mwamba akawafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha. Waliompa msichana wa Vihiga au Gem jina hilo walikuwa wamesoma mpaka ndani.

Kwetu ni Mumias na majina yetu ni ya Kiislamu. Je, tulitoka pwani?

Huenda mmoja alitoka, lakini si lazima. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Wawanga karne ya 19, na Uislamu ukaingia katika ikulu ya mfalme wao, Nabongo Mumia. Wenyeji walisilimu wakachukua majina. Angalia jina la pili na la tatu: Juma aliyefuatwa na jina la Kiwanga ni Mwanga.

Karani aliandika jina langu vibaya. Nitajuaje lilivyokuwa?

Lisikie kabla ya kulisoma. Mpe mzee alitamke. Tatizo kubwa ni ile alama ya ng'. Ochieng' akiandikwa Ochieng anasomwa na mtu wa Mombasa kama ana g mdomoni. Dh ya Odhiambo huwa d au th. Opiyo wa Kisumu huandikwa Opio akivuka Busia kwenda Uganda, na ni jina lilelile. Okello vivyo hivyo yuko Acholi na Lango.

Mimi kwenye cheti cha kuzaliwa niliandikwa Nyasemi. Ofisi siitaji. Yule karani alikuwa amechoka, baba alikuwa na haraka ya zamu, na i moja ikanigharimu safari tano nilipotaka kitambulisho.

Wakati mwingine herufi huongezwa makusudi. Wangari Maathai, aliyeishi utotoni kwenye shamba la mzungu karibu na Nakuru hapa, alipoachana na mumewe aliambiwa aliache jina la Mathai. Akaongeza a moja. Mtafiti wa miaka ijayo asiyejua kisa hicho ataumia kichwa akitafuta ukoo wa Maathai.

Maandishi ya zamani nitayapata wapi?

Kanisani kwanza. Daftari za ubatizo za parokia kongwe zina jina la mtoto, wazazi na mdhamini, na mdhamini mara nyingi ndiye aliyelitoa jina la ubatizo. Pili, sanduku la babu. Kipande, ambacho Waafrika wanaume walilazimishwa kuvaa shingoni katika kikebe cha chuma kuanzia miaka ile ya 1919 na 1920, kiliandikwa jina kama lilivyosikika kabla ya shule kulinyoosha. Ukikikuta, kipige picha kabla mtu hajakitupa. Tatu, daftari za shule za msingi za kuandikisha wanafunzi. Nne, Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, makao yake yapo Nairobi, Moi Avenue, na ina vituo Kisumu, Nakuru na Kakamega. Nenda huko ukiwa na jina la lokesheni na la chifu, la sivyo utazungushwa kwenye majalada mpaka jioni.

Naweza kulisahihisha au kulibadili kisheria?

Unaweza. Mtoto: Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inampa mzazi miaka miwili tangu usajili kuandikisha jina lililobadilika. Mtu mzima huandaa hati ya kubadili jina kupitia wakili, inasajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ndipo unashughulikia kitambulisho. Usianze na kitambulisho. Kosa la herufi moja hunyooka kwa urahisi zaidi ukiwa na cheti cha ubatizo au cha shule kilichoandikwa sawa.

Niulize nini kama mama hataki kabisa kusema?

Usiulize mbele za watu, na usimwambie unachodhani.

Kuna mteja wangu mmoja aitwaye Ochola. Alikuja kumwandikishia mwanawe, akaona bango langu la majina ukutani, akauliza la kwake. Nikamwambia, bila kufikiri, ni la mtoto aliyezaliwa baba akiwa amekufa. Akacheka. Baba yake yupo, alisema, amemwacha nyumbani Kaptembwo asubuhi hiyo akilisha kuku. Nikasema haraka kwamba huenda ni jina la babu, na ni kweli, huenda. Lakini aliendelea kulitazama lile bango. Akasema yeye ni kifungua mimba, na wadogo zake wote watano wana majina ya upande wa baba, ila yeye.

Tukanyamaza. Printa ilikuwa ikitoa fomu ya mtu mwingine. Nilimuuliza sehemu ya jina la baba niandikeje, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake au anataka kwanza kuongea na mama. Alifikiri kwa muda. Akataja jina la yule mzee wa kuku, herufi moja moja, akahakikisha nimeweka alama ya ng' mahali pake.

"Liandike hivyo hivyo," akasema, akaweka shilingi hamsini mezani.